Chungwa la Mlinzi

Nimekinunua Gerezani, kwa Bawazir,
duka jembamba kama ala,
ukiingia na tumbo utatoka kinyumenyume.
Alianza na ishirini na tano. Nikacheka.
Akacheka. Tukakutana kwenye kumi na nane
na akaniongezea kitambaa cha kufutia mafuta
ambacho, nilikuja kugundua,
ni mguu wa kaptura yake ya zamani.

Uzito kwanza.
Nilidhani kitakuwa chepesi.
Kumbe kimetulia kiganjani kama yai la bata,
kinakutaka uwe na adabu.
Mpini mweusi, umechanjwa mistari ya makusudi
ili kisiponyoke jasho la Desemba likija.
Skrubu tatu. Ya katikati imelegea tayari.
Nimeiona, nimenyamaza:
kila mgeni huja na lake.

Kile cha zamani hakikujua kukunjwa.
Kilikuwa wazi mchana na usiku,
mpini umefungwa mpira wa tyubu ya baiskeli,
bapa limeliwa na tupa hadi likabaki
upana wa kidole cha mtoto.
Miaka kumi na moja kimechana turubai, sponji, katani,
ngozi bandia,
na ngozi yangu mara nne.
Kilivunjika Jumanne ndani ya kochi la mchungaji.
Ncha yake bado imo humo.
Sijamwambia.

Hiki kipya kina haya.
Unakisukuma kwa dole gumba, kinagoma.
Unakisukuma tena, kinatoka nusu, kinakuchungulia,
kisha, ta!
Mlio mdogo, mkavu,
wa mtu aliyechoka kubishana.
Nimeufungua na kuufunga mlio huo
toka Gerezani hadi Mnazi Mmoja,
watu wakinipisha njia.

Mlangoni mwa benki mashine ikalia.
Mlinzi akasogeza trei ya plastiki,
kifuani pameandikwa NKWABI.
"Dada, hicho hakiingii."
Nikakilaza kati ya bisibisi ya mtu
na mkasi wa mtu.

Foleni ilinila saa nzima na robo.
Nikawa nawaza mkato wake wa kwanza.
Nilishaupangia: ile ngozi ya kahawia,
roli zima, viti kumi na viwili vya hoteli,
mstari mmoja mrefu usiosita,
na Chitemo nimwamuru aache misumari yake
aje atazame.

Nikatoka. Trei ipo.
Kisu kipo, kimekunjwa, kimefutwa,
kimelala palepale nilipokilaza.
Ila nilipokisogeza puani,
chungwa.

Nikamtazama Nkwabi.
Nkwabi akatazama barabara.
Chini ya kiti chake, ganda moja,
limezunguka toka kitovuni hadi kikonyoni bila kukatika,
jembamba, sawasawa,
mtu angeweza kulivaa kama bangili.

Husemwa mwenye kisu kikali ndiye mla nyama.
Si kweli.
Ni mwenye trei.

Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kumtukana.
Akasema, macho bado barabarani,
"Kinakata. Kinakata kweli.
Ila skrubu ya kati ilikuwa imelegea, dada.
Nimeikaza kwa sarafu."

Nikakifungua palepale.
Ta.
Mara moja tu, bila kugoma.

Ndipo akavua kofia,
akatoa ndani yake nusu ya chungwa,
imekauka kidogo juu kwa kunisubiri.
Sikumshukuru. Nilipokea tu.
Nikaila nikitembea kuelekea Keko,
maji yakinichuruzika hadi kiwiko,
mkono wa pili mfukoni,
kidole kikihesabu gizani:
moja, mbili,
tatu.