Kichwa na Mkia

Sheria aliiandika Akwilombe, mpima mizani,
kwa kalamu ya risasi, nyuma ya risiti iliyoharibika:
kichwa kwa mmoja, mkia kwa mwingine,
hakuna neno la mzazi mmoja.
Malori yalikuwa hayajaja. Ghala la Newala lilinuka magunia,
ukungu umeketi barabarani kama mdai,
na sisi wawili, karani na mpimaji,
tulikuwa na siku nzima na lugha ya kuunda.

Tukaanza na moshi. Moshi wa kubangua,
ule unaouma macho kabla hujaiona korosho.
Machozi yake si ya msiba wala ya mapenzi.
Machoshi, nikasema. Akacheka, akaandika.
Siku ya pili nikamkuta nyuma ya ghala
anafuta uso kwa mkono wa shati.
Hapakuwa na moto popote.
"Ni machoshi tu, Somoe."
Nikalikubali neno.

Bibi yangu alizaliwa ng'ambo ya Ruvuma.
Kesho yake huiita amanya,
kwa Kireno alichokuja nacho akikimbia mabomu.
Tulijaribu keshanya,
tukalifuta haraka: mkia wake haukufaa mbele za watu.
Tukarefusha. Keshamanya.
Ndipo Akwilombe akaduwaa, kalamu hewani.
Kwao Masasi kumanya ni kujua. Na kwetu pia.
Keshamanya: kesho ambayo mtu keshaijua
kwamba haitakuja na hela.
Hatukuwa tumelipanga hilo.
Lilijipanga.

Maji ndiyo yaliyotugombanisha.
Newala ndoo ina bei yake, na bei ina hasira zake.
Mimi Mmakonde nasema medi. Yeye Myao, mesi.
Chukua kichwa changu, mkia wake: mesi.
Amenimeza mzima.
Geuza. Kichwa chake, mkia wangu: medi.
Nimemmeza.
Tukajaribu mwezi: mwedi, mwesi. Yale yale.
Herufi moja tu katikati, nyembamba kama uzi wa gunia,
na hakuna kisu cha kupita hapo.
"Basi tuseme maji," akasema, kwa sauti ya afisa,
"Kiswahili ni cha wote."
"Cha wote ni cha nani?" nikamwuliza,
na hatukusemezana hadi mchana,
alipoisogeza sahani ya ming'oko katikati ya meza
na chumvi upande wangu.
Kwenye daftari, mstari wa maji uko wazi hata leo.

Lakini iliyotutoroka ni stakabira.
Stakabadhi unayo mfukoni, fedha haijaingia,
umeachiwa subira: ndiyo hiyo.
Tulilisema wawili, kwa kunong'ona,
juu ya vichwa vya foleni.
Januari likawa kwa wapakiaji.
Februari kwa mama wa maandazi.
Machi akaingia Bi Nampembe, magunia yake manne
yakiwa yameshabaki karatasi, imefundikwa kwenye pindo la kanga.
"Nimestakabira tangu Novemba!
Mnataka nistakabiri mpaka mikorosho ichanue tena?"

Akwilombe akanitazama. Kitenzi!
Na kimenyambuliwa. Kina nafsi, kina wakati,
kina hasira.
Sisi tulikuwa hatujafika kwenye vitenzi.
"Mama, neno hilo umelitoa wapi?"
Akatupima wote wawili, bila mizani.
"Watoto wa siku hizi hamna lugha.
Hilo ni neno la zamani.
Marehemu mume wangu alilitumia sana,
ninyi hamjazaliwa."

Nani angembishia?
Nikagonga muhuri.
Akwilombe akafungua daftari,
akafuta majina yetu pembeni ya neno,
taratibu, asichane karatasi,
akaandika: asili yake haijulikani.