Dakika ya Saba

Jumamosi nina harusi Nguba, saa nane.
Jumamosi nina bomba la Cimpunda, saa nane.
Kamera ni moja. Betri ni mbili,
na ya pili imevimba kama shavu la mwenye jino bovu.

Bwana Cirimwami ametanguliza nusu, dola sabini na tano;
noti moja ina mpasuko pembeni, mdogo kama kope,
lakini muuza esanse wa kwetu ana macho.
Nusu ya pili, asema, nitaipata
akishaona machozi ya mama wa bibi harusi
karibu, karibu kabisa.

Kamati ya bomba imetanguliza viazi vitamu
na kijana Murhula wa kunibebea miguu ya kamera.

Wahenga walituonya juu ya mshika mawili.
Juu ya kodi ya nyumba walinyamaza.

Nikatoroka keki ikikatwa.
Nikapanda Kadutu kwa moto, mvua ikinichapa mgongo,
nikashuka topeni na viatu vya kung'aa, tai shingoni.
Wanawake walikuwa mstarini tangu saa kumi alfajiri,
bidoni za njano mbele yao, kila moja na jina lake kwa rangi ya kucha.
"Umevaa hivyo kwa ajili yetu?" akauliza Mwa Cibalonza.
Nikasema ndiyo.
Akaiweka sawa tai yangu kwa mkono uliolowa
na tangu hapo hakuna aliyeiogopa kamera.

Umeme wa kwetu hurudi saa nane za usiku,
kama mume mlevi, bila kubisha.
Naamka. Nakata harusi huku, nakata bomba huku,
ngoma za ukumbini zinavuja kwenye foleni,
bidoni inagonga jiwe katikati ya kiapo.
Shirika moja la Muhumba limesema litanunua
ikiwa mwisho una matumaini.
Basi nilichukua maji ya Jumanne, siku yalipotoka,
nikayabandika kwenye kiu ya Jumamosi.
Dakika kumi na moja. Safi.

Shuka tuliazima kwa Nabintu,
lina tundu la pasi pale juu.
Jenereta ilikunywa lita mbili, zote nilizokuwa nazo.
Mtaa mzima ulikuja, na viti vyao, na watoto wao,
nami, kwa usingizi wa wiki tatu machoni,
nikafungua faili la harusi.

"Samahani, ngojeni, nimekosea—"
"Acha!" wakasema. "Acha tuone."
Tundu la pasi likatua kwenye paji la bibi harusi.
Wakahesabu kreti za bia. Wakamcheka mshenga.
Mtu akapiga kelele: "Yule mpishi ni shemeji yangu!
Alituambia yuko msibani!"
Hawakuniruhusu kuizima hadi keki.

Ndipo ikaja ya kwao.
Wakanyamaza kama watu walioitwa majina.
Dakika ya kwanza, ya tatu, ya sita.
Dakika ya saba jenereta ikakohoa
na shuka likarudi kuwa shuka.

Mwa Cibalonza alisimama. Simu tatu zikammulika.
"Hapo sasa ninafika mbele," akasema.
Akainama, akatua bidoni ambayo haikuwepo,
akafungua robine ambayo haikuwepo,
akangoja.
Akangoja sana, hadi mtoto mmoja akaanza kulia.
"Basi," akasema. "Nikarudi nyumbani."

Hakuna aliyeuliza mwisho wangu.

Nilishuka kilima na projekta kichwani.
Simu ikatetemeka mfukoni, kando ya noti iliyochanika:
*Mama alilia saa kumi na moja kamili.*
*Nimetafuta, sioni. Ulikuwa wapi?*

Umeme umerudi. Ni saa nane.
Nimefuta maji ya Jumanne.
Ujumbe wa Bwana Cirimwami bado uko wazi hapa,
na kidole changu juu ya herufi.