Milimita Kumi na Mbili

Kamera ya zamani iliona kila kitu:
ua wa michongoma, pipa la taka la Mama Gathoni,
nusu ya anga ya Mwiki, paka.
Na saa nane na dakika kumi na moja usiku
iliona gari likimgonga Ekidor langoni,
likarudi nyuma kidogo, kama mtu anayetaka kuomba radhi,
kisha likaenda zake.
Palipopasa kuwa na nambari
palikuwa na weupe tu,
mraba wa mwanga, kama jino.

"Vuta karibu," akasema polisi.
Nikavuta. Jino likawa kubwa.

Ndipo nikateremka Luthuli siku ya Jumanne,
pesa ndani ya soksi,
nikapita spika zinazogombana mlango kwa mlango
hadi kibanda cha Muthengi, ghorofa ya pili.
Hakunisifia bidhaa. Aliuliza:
kutoka ukutani hadi kwenye kona, hatua ngapi?
Miaka kumi na tisa nimeishi pale,
sijawahi kuzihesabu.
Nikampigia Ekidor. Akazihesabu kwa magongo.
"Thelathini na moja, mama,
ila zangu siku hizi ni fupi."

Muthengi akaandika: mita ishirini.

"Hii ya milimita mbili nukta nane ni mbea,
inataka mtaa mzima, na hamjui yeyote.
Hii ya kumi na mbili ina shingo ngumu.
Inatazama mahali pamoja,
upana wa gari moja, basi.
Megapikseli zisikutie kiwewe:
uji kikombe kimoja, ukiumwaga kwenye sinia,
utabaki utando.
Wala usiipandishe darini.
Anayemtazama mtu utosini hamtambui.
Na usiku ifumbe jicho upesi,
sehemu moja ya elfu ya sekunde.
Kibao cha gari hurudisha mwanga wote unaokipiga;
ukikikodolea, utapata jino lako tena."

Elfu kumi na nane. Tukavutana hadi kumi na sita na nusu,
akanitilia waya wa bure na skrubu nne,
moja imepinda.

Usiku tukaijaribu.
Ekidor hakukaa sana shuleni, lakini maumbo
aliyoyaona kabla taa hazijammeza
aliyachora kwa mkaa kwenye katoni ya unga:
K, halafu kitu kama kiti kilichopinduka,
halafu jembe.
Tukayafuatisha kwa utepe unaong'aa,
ule wa fulana za bodaboda,
akaenda kusimama kwenye kona,
gongo kwapani, katoni kifuani.

Nami ndani, macho kwenye skrini,
fundi akizungusha lenzi juu ya ngazi.
Ukungu. Ukungu. Rudisha kidogo. Hapo!
K. Kiti. Jembe.
Wazi kama ubao wa darasa Jumatatu asubuhi.

Na pembeni yake, giza.
Hakuna ua, hakuna pipa, hakuna paka.
Hakuna mikono iliyoshika katoni.
Maumbo matatu yakielea peke yake,
yakitetemeka kidogo,
na kule kutetemeka ndiko kulikosalia kwa Ekidor.

Simu ikalia.
"Mama, unaniona?"

Fundi alikuwa anashuka, anadai chai.
Ningeweza kusema ndiyo.
"Naona ulichoshika," nikamwambia.

Akanyamaza. Nikasikia upepo kwenye simu yake,
mbwa wa jirani, lori likipanda kwa mbali.
"Si ndicho tulichokitaka?" akasema.

Ile ya zamani fundi alikuwa ameshaing'oa,
ananipa bei ya kuiuza kwa mtu wa vyuma.
Nikamwambia airudishe ukutani, juu ya mpya,
hiyo mbea, hiyo isiyomjua mtu.
Alinung'unika, akapanda tena.

Skrini ya pili ikawaka:
ua, pipa, nusu ya anga,
na mtu mdogo, wa kijivu, hana uso,
anakuja na katoni kwapani.
Nikahesabu.
Thelathini na moja.
Kweli ni fupi.