Kidole kwenye Mizani

Mwakanyamale, dukani kwake Kabwe, ananiambia,
"Nyekundu hii ni sisi mia na hamsini,
ile ya buluu ni sisi mia mbili na hamsini,"
nami nasikia umati:
sisi, watu mia na hamsini, tumebanana ndani ya injini
tukisubiri ufunguo.

Miaka kumi na moja nimekuwa mkaguzi wa vipimo.
Nimefungua lumbesa Uyole, viazi vikakimbilia barabarani.
Nimegeuza mawe ya kilo kule Igurusi
nikakuta tundu chini, limezibwa kwa nta.
Pikipiki mbili zitanishinda nini?
Nitazipima.

Nyekundu kwanza.
Kiti kifupi, nyayo zote mbili zinagusa Mwanjelwa.
Inapenya kati ya mkokoteni wa ndizi na beseni la maparachichi
bila kumwomba mtu radhi.
Lita moja tangu asubuhi, na bado inacheka.
Ikizimika naisukuma kwa mkono mmoja,
wa pili umeshika simu.
Lakini nilipoipeleka Mlima Nyoka,
nyuma ya lori la shaba kutoka Zambia,
nikavuta mafuta hadi mwisho, nikalala kifudifudi juu ya tangi,
na lori likabaki palepale
likinitemea moshi hadi kileleni.
Vidole vikafa ganzi. Kioo kikatetemeka
hata bodaboda mmoja nyuma yangu akawa watatu.

Ya buluu alinipa mpaka Jumapili,
akabaki na televisheni yangu rehani.
Ndefu. Nasimama kwa ncha za vidole kama mtoto dirishani.
"Na gauni, dada?"
Nikamwonyesha suruali ya mvua chini ya gauni.
Mwanjelwa ilinipika goti la kulia,
na mbele ya meza ya nyanya ikalala, polepole,
kama ng'ombe aliyekwisha kuamua.
Wapagazi wanne wakainyanyua.
Mmoja ananijua. Akafuta jasho:
"Hii nayo imezidi kilo mia, afisa."

Ila baada ya Igawa barabara ilinyooka
na ile mashine ikaacha kubishana nami,
ikanyamaza kwa namna ya mtu anayejua njia.
Lori la shaba nikaliona, nikalipita, nikalisahau.
Makambako upepo ulinipiga bega kama mlevi;
ikayumba kidogo, ikaendelea.
Mafinga, harufu ya mbao mbichi ndani ya kofia ngumu.
Tanangozi, jua bado lipo,
mama akatoka na unga mikononi.
"Kamwene," akasema, kisha akagusa injini, akaruka.
"Huyu ana homa."

Usiku nikafungua daftari.
Siku za mjini: mia mbili themanini.
Siku za Tanangozi: nne. Tano, mwaka ukiwa mwema.
Petroli, tairi, oili, bima.
Mizani ikaangukia upande wa nyekundu
kwa kishindo, bila rufaa.

Kuna kosa dogo ninalolijua kuliko yote.
Si tundu, si nta. Ni kidole,
kidole cha mwisho, kinachoegemea sahani
huku muuzaji akikuuliza habari za watoto.
Nimewatoza wengi kwa hicho. Nakiona hata gizani.

Jumatatu nilisaini ya buluu.
Mwakanyamale akahesabu noti mara mbili, akanirudishia televisheni,
hakuuliza, nami sikumweleza
kwamba asubuhi ile natoka Tanangozi, nikifunga kamba za mzigo,
nilimkuta mama ameinama juu ya kiti cha nyuma
anakipima kwa shubiri.
Mbili na nusu.
"Natosha," akasema, si kwangu,
akaingia ndani kutazama uji.

Sasa kila siku ya kazi, kwenye foleni ya Mafiati,
nasimama kwa ncha za vidole,
goti likiiva.