Jina la Shati

Jumatatu ndiyo siku yetu ya kufua.
Mashati sita meupe, mikono mifupi
(Mama aliyanunua akidhani Chile yote ni joto),
yananing'inia jikoni juu ya jiko la gesi,
maana nje, hapa Punta Arenas, upepo ungeyang'oa kambani
ukayapeleka Antaktika yakahubiri yenyewe.

Kisha simu kutoka Idaho. Nyuma ya sauti ya Mama
nasikia trekta la baba, na mlango wa wavu unaogonga.
"Tavin," ananiita, nami nachelewa kuitika.
Hapa jina hilo halina kazi.
Kibao cheusi kifuani kinasema: Mzee Lofthouse.
Mzee! Ndevu zangu zingali zinashauriana kama ziote.
Mwenzangu ni Mzee Choquehuanca, wa Oruro, Bolivia.
Kanizidi miezi minne tu, na kanizidi yote:
lugha, subira, namna ya kusema na mbwa.
"Wiki ilikuwaje?"
"Nzuri, Mama. Upepo tu."

Jumanne, milango arobaini na mmoja.
Nina hesabu kwa kuwa tunatakiwa kuandika.
Mtoto alifungua mmoja: "Mama anasema hayupo."
Jumatano, vivyo hivyo, pamoja na mvua ya ubavuni.

Katikati ya mji wamefunga kamba kando ya barabara
watu wajishike upepo ukizidi.
Tulijishika: mimi, yeye, na mlevi mmoja
aliyetuuliza kama Mungu wetu naye hushika kamba.
"Ameshika ule upande wa pili," akajibu Choquehuanca.
Nikamwonea wivu kutwa nzima.
Usiku akakiri: lilimponyoka tu mdomoni.

Alhamisi, mtaa wa juu, Doña Ermelinda Cárcamo
hakungoja salamu yetu.
"Mko wawili? Vizuri. Mmoja ashike ngazi."
Bati la paa lake lilikuwa limenyanyuka, linapiga makofi.
Nikapanda, tai nimeichomeka ndani ya shati,
misumari meno yakiishika,
na Mlangobahari wa Magellan chini yangu, wa kijivu,
mkubwa kuliko somo lolote nililokariri.
Niligonga msumari mmoja na kidole kimoja.

Jikoni akatuandalia mkate na kahawa. Mkate tukala.
"Basi maji ya moto," akasema, akamimina,
akiitazama dini inayoogopa kikombe.
"Jina lako nani?"
Nikamwonyesha kibao.
"Hilo ni la shati. Nakuuliza la nyumbani."
Nikamwambia, polepole, kama mtu anayerudisha deni.

Tukaomba. Zamu ilikuwa yangu.
Nilitaka kusema: Bwana, libariki paa hili, *techo*.
Ulimi ukateleza, nikasema *pecho*:
Bwana, kibariki kifua hiki.
Choquehuanca akakaza macho kuyafumba.
Bibi hakucheka. Aliweka mkono pale kikohozi chake kinapokaa,
akasema, "Hicho pia."

Ijumaa ilikuja barua: nyanya yake Choquehuanca,
aliyemlea, amezikwa tangu Jumanne.
Miezi kumi bado imebaki, wala hakuomba kwenda.
Alilia bafuni, bomba likiwa wazi.
Nilipika tambi, nikagonganisha masufuria kwa nguvu
ili asidhani nasikia.
Asubuhi nilikuta amenipigia pasi mashati yangu yote,
hata lile lenye doa la kutu.

Jumapili tulikuwa kumi na tisa kanisani,
na kiti cha ishirini, chenye koti langu juu yake,
kilichomngoja Doña Ermelinda. Aliahidi.
Tuliimba. Tukala mkate mdogo, tukanywa maji.
Koti likabaki limekaa kwa adabu hadi mwisho.

Tulirudi kwa njia ya mtaa wa juu, ingawa si njia.
Bati limetulia. Dirisha likafunguka, kichwa kikatoka,
skafu ikipepea kuelekea Argentina:
"Tavin! Jumatano uje na nyundo!
Kitabu kipumzishe!"
Choquehuanca alicheka, mara ya kwanza tangu Ijumaa,
cheko la pua, la aibu kidogo.
Nami nilikuwa nimeshaitika, kwa sauti, mkono juu,
kabla sijakumbuka kwamba jina hilo haturuhusiwi.