Zamu ya Jarmila

Kisanduku kilikuwa chini ya redio bubu na vikombe viwili,
soko la vikuukuu, Brno, Jumamosi ya barafu.
Mwenye meza akaniuliza, "Wataka redio?"
Nikasema ndiyo, nikamwomba anitilie na kisanduku.
Ndivyo tuwindavyo sisi: macho huku,
moyo unadunda kule.

Posta ya Majira ya Baridi.
Kiwanda kilichouchapa mchezo huu kilifungwa kabla sijaota meno.
Miaka kumi na mmoja nikiutafuta.
Niliukosa mnadani Ostrava kwa tofauti ya koruna mia mbili,
na mke wangu, Vendula, akafurahi kimoyomoyo,
maana kwetu makoti yameshahamia bafuni
na michezo ndiyo yenye kabati.

Nikanawa mikono kama mpasuaji. Nikafungua.
Harufu ya gundi, ya vumbi, ya tufaha za mwaka mwingine.
Nikahesabu; nimeshauziwa mbuzi kwenye gunia mara nyingi.
Barua arobaini, zipo.
Ubao, umechoka mkunjo, haujapasuka.
Dadu la mfupa, pembe zimelika.
Matarishi wanne: mwekundu, wa buluu, wa kijani,
na wa nne
ni kifungo cha koti.

Otakar, anayefunga michezo yake kwa nailoni
na hajapata kurusha dadu tangu awe tajiri,
aliguna kwenye simu: "Kifungo? Bei imeshuka nusu.
Kitupe. Tafuta tarishi wa manjano."

Ila chini ya ubao palikuwa na karatasi ya alama,
penseli, mwandiko wa kitoto:
Radim 31. Mama 22. Babu 9 (amenuna). Jarmila 30.
Na chini yake, kwa herufi kubwa, kwa mistari miwili:
ZAMU YA JARMILA.
Basi. Hakuna zaidi.

Siku tatu nilikula chakula changu kando ya karatasi ile.
Twauliza zilichapwa nakala ngapi, zimebaki ngapi.
Wale wanne walichapwa mara moja tu.

Vendula ndiye aliyeona anwani ndani ya kifuniko,
mtaa mmoja wa Třebíč, jina la ukoo, Skoumal.
Niliandika barua. Wiki sita kimya.
Kisha kadi ya posta: "Njoo. Ulete na kifungo."

Ana miaka sabini na minne, goti la chuma,
na sigara ambayo daktari haijui.
Jioni ile haikumbuki. Labda umeme ulikatika,
labda Babu aliupindua ubao, ilikuwa desturi yake.
"Radim alikuwa mwizi wa hatua," akasema, "hilo nalikumbuka."
Radim walimzika mwezi wa tatu.

Akautazama ubao. "Nilikuwa wapi?"
Sikujua. Karatasi haikusema.
Akakishika kifungo, akakiweka
hatua moja kabla ya nyumba ya mwisho,
pale mtu anapojiweka akiwa peke yake na ukweli.
"Hapa."

Akarusha. Nne.
Kanuni nazijua kwa moyo: lazima idadi itimie kamili, isizidi.
Akalitazama dadu. Akalitazama dirisha.
Akaligeuza dadu kwa kidole, polepole, bila aibu yoyote,
mpaka likasoma moja.
"Umeona?"
"Sijaona kitu," nikasema, mimi,
niliyewahi kuvunja urafiki wa miaka mitano kwa ajili ya kanuni ya saba.

Akaandika 32. Akakipigia mstari.
Akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akanyamaza.
Kifungo hakukirudisha. Koti lake, alisema,
bado linaning'inia ghorofani.

Nikarudi kwa basi la usiku, sanduku mapajani,
matarishi watatu wakigongana ndani.
Otakar anasema sasa ni robo ya bei.
Vendula hakusema neno.
Aliufungua ubao mezani, akahesabu, akaenda bafuni,
nami nikasikia mkasi.