Shibiri Tisa

Mvua ya Chiloé haina adabu,
na banda la kuku halina kenchi.
Eleodoro ameniwekea mbao tatu kwenye nyasi:
shibiri tisa, shibiri tano, shibiri nne.
"Funga pembetatu," akasema,
akaingia ndani kukausha soksi.

Nina miaka kumi na mmoja na misumari mdomoni.
Nikauinua ule mfupi, nikauegemeza kwa wa kati:
zikalala.
Nikaziinua tena. Zikalala tena
juu ya ule mrefu, ncha kwa ncha,
pasibaki hata upenyo wa sisimizi.

Nikailaumu nyundo.

Bibi Zunilda, akimenya viazi mlangoni, hakuinua macho.
"Nne na tano?"
"Tisa."
"Na huo wa chini?"

Mvua ikanijibia.

Kumbe wafupi wawili hawatakiwi kumfikia mrefu;
wamzidi, ndipo wasimame.
Nikashika msumeno. Tisa ikawa nane,
na paa likanyanyuka shibiri mbili,
kimo cha kuku aliyeinamisha shingo.

Eleodoro akatoka, akautazama ule ubao uliokatwa.
"Ulikuwa mzuri huo," akanung'unika,
kisha akanipokonya nyundo, akaanza kupigilia.